Malimbuko ya Kiwanda

Jumatatu asubuhi, kijijini Olmotonyi, mzee Elinami alifungua kabati la kompyuta zake za zamani, akakuta rafu ya juu tupu. Bodi ya majaribio, iliyoungwa kwa mkono kabla kiwanda hakijauza hata kompyuta moja ya aina ile, haikuwepo. Kufuli lilikuwa zima. Kufikia saa nne, mlinzi wake Meshack alikuwa mahabusu.

Inspekta Ndeshi alipofika, getini alimkuta Simaloi, mke wa Meshack, na mtoto mgongoni. Barazani mkungu wa ndizi uliofungwa utepe mwekundu ulikuwa umeegemea ukuta. Ndani Elinami alimsimulia habari ileile mara tatu.

"Ni Meshack, afande. Au Frederick wa Sokon One, mkusanyaji mwenzangu. Ameitamani siku nyingi."

"Frederick yuko msibani Oldonyo Sambu tangu Ijumaa. Nimehakikisha. Ufunguo hukaa wapi?"

"Chumbani kwetu."

"Meshack huingia chumbani kwenu?"

"Hata siku moja!"

"Sasa aliupataje, mzee? Kwa maombi?"

"Hujui thamani yake, afande! Ile si bodi tu, ni malimbuko ya kiwanda, tunda lake la kwanza! Malimbuko! Nawaambia humu ndani kila siku, hakuna anayesikia."

Hanna, mkewe, aliyekuwa akimimina chai, aliimwagia kwenye sosa. Ndeshi akaacha kuandika.

"Mama, jana ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Mlitoa nini kanisani?"

"Ndizi."

"Zipi? Mkungu wenye utepe bado uko barazani."

Hanna aliweka birika chini.

"Mchungaji alisema tulete malimbuko. Kila mwaka natoa ndizi zangu, kahawa yangu. Ya kwake hayajawahi kufika madhabahuni. Na jina hilo kayapa mwenyewe. Basi jana nikayapeleka."

"Ukanyamaza Meshack akipandishwa garini?"

"Baba Anneth huyu alishamtaja. Nikaogopa."

Ndeshi alipiga simu kituoni. "Mwachieni Meshack. Ndiyo, sasa hivi."

"Na bodi yangu?" Elinami akauliza.

"Itakuwa imeuzwa mnadani baada ya ibada, kama sadaka zote za mavuno, mbele ya usharika mzima. Ulikuwa wapi?"

"Mjini. Nikitafuta nyaya."

"Kainunua Abdiel, jirani," Hanna akasema. "Kazibia dirisha la banda la kuku."

Elinami aliruka kitini.

"Mzee," alisema Ndeshi, "banda litasubiri. Anza na getini."

Elinami alitoka, akanyoosha mkono. Simaloi aliutazama, akampita, akaingia kwenye gari la polisi kwenda kumchukua mumewe.