Chungu Chini ya Jiko

Chumvi ilikuwa inaisha pasipo mtu kupika. Yvette alijaza kopo asubuhi, adhuhuri likawa tupu. Akadhani ni panya. Panya gani anakula chumvi?

Kisha harufu ya makayabu, samaki wa chumvi, ikaingia jikoni mwake mtaani Mikelenge, na samaki hawakuwa wamenunua. Kisha sakafu ikaanza kudunda kutoka chini: du... du... Na mumewe Ngandu, mwalimu wa historia, akaanza kukauka. Midomo ikapasuka, macho yakazama, na kila Yvette alipompangusa jasho kitambaa kilibaki cheupe kwa chumvi, huku mdundo wa chini ukizidi kupanda na kifua cha mumewe kikizidi kunyamaza.

Akamwita Mama Adolphine wa Lokandu, mkausha samaki, jirani wa Ngandu wa wakati wa vita, kabla Yvette hajaolewa. Aliposikia mdundo, akakaa chini.

"Mama, sema wazi," Yvette alinong'ona. "Mume wangu anakufa."

"Huyo njo mukwe wako, Tshimanga, baba ya Ngandu. Alikufa humu, vita imesimamisha treni. Alituapisha tumuzike kwao Kasai. Ngandu akasema Wamisri wa kale walikausha maiti kwa chumvi, wakaifunga vitambaa, haiozi. Chumvi naijua mimi! Nikamupasua kama samaki, nikatoa vya ndani vyote, nikavizika hapa kwenye chungu. Treni iliporudi tukamupakia, mukavu, hana harufu."

"Vyote?" Ngandu aliinuka kwenye mkeka alipokuwa amelala kando yao. "Na moyo? Wamisri waliacha moyo mahali pake!"

"Hukuniambia, mwalimu. Ulisema toa vya ndani. Moyo iko nje? Na we ulikuwa mulangoni unatapika."

Wakacheka kidogo, kwa woga. Chini, mdundo ukajibu.

Adolphine alishika jembe mwenyewe, maana kisu kilichompasua mzee kilikuwa chake, akachimba huku sufuria zikitetemeka ukutani na harufu ikijaa jikoni, mpaka chungu kikatokea, mfuniko wake wa udongo mzima kabisa, na alipoubandua akakuta chumvi, akakuta matumbo makavu kama magamba, lakini moyo haukuwamo.

Mdundo ukakoma.

"Ameuchukua," Adolphine alisema. "Amekwenda."

Yvette akamkumbatia mumewe, akaweka sikio kifuani. Du... du... Mkavu, wa polepole, ule ule wa chini ya sakafu.

Ngandu akasimama, akatafuta viatu.

"Adolphine," alisema kwa sauti nzito ya kizee, "moyo nimeupata. Treni ya Kasai inaondoka lini?"

Jembe likamponyoka Adolphine. Sauti ile hakuwa ameisikia tangu vita.