Honi za Alhamisi

Alhamisi saa sita, kama kila Alhamisi, Elina alikuwa akipiga pasi shuka za nyumba ya wageni ya Mzee Jivraj, sikio likiwa barabarani. Tangu reli ya Singida ing'olewe, wageni waliteremka Manyoni wakaletwa kwa gari na Simeoni, dereva wa Mzee Jivraj. Akifika kwenye miamba ya kuingilia mjini, Simeoni alipiga honi mara moja kwa kila mgeni, ili jikoni na vyumbani wajue watu ni wangapi.

Honi tatu. Elina alitandika vitanda vitatu, akarudi kwenye pasi. Mara honi ya nne.

"Tena," alisema.

Alitandika cha nne. Gari likashusha Wazungu watatu, waliokuja kuwatazama heroe, ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wa ziwa Singidani. Ilikuwa Alhamisi ya nne mfululizo kukosekana mtu mmoja. Sahani yake ilibaki mezani, mchuzi ukiganda.

Mama Malti, mke wa Mzee Jivraj, hakupandisha sauti. Joto lilikuwa limewachosha wote.

"Elina, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alituambia wageni wataukuza mji huu. Tukajenga vyumba sita. Mji haujakua, sisi tumekonda. Ukikosea tena hesabu ya wageni, utarudi kwenu Kinampanda."

Elina alivua aproni akashuka sokoni na gauni lake la bluu lililofifia mabegani kwa jua. Alimkuta Simeoni kati ya matenga ya kuku, akiitilia rejeta maji. Kwa miezi mitatu alikuwa amemwona kutoka dirishani tu. Kwa karibu alikuwa kijana zaidi, shati la kaki limemkaa vizuri, kope zimejaa vumbi.

"Kaka, habari za safari."

"Ndefu. Za kwako, dada wa shuka?"

"Umeleta wageni wangapi?"

"Watatu."

"Na honi?"

Simeoni alikitazama kifuniko cha rejeta. "Nne."

Rahabu, muuza kuku, akacheka. "Dereva, hukufundishwa kuhesabu, au ukiuona mji macho yanaingia ukungu?"

"Honi imechakaa," Simeoni alisema. "Ya mwisho hujipiga yenyewe."

"Yenyewe?" Elina aliuliza.

"Gari kuukuu, dada. Lina mambo yake."

"Kama mwenyewe," Rahabu akasema.

Elina alijikuta akitabasamu. "Basi mimi nitakuwa napunguza moja."

Simeoni alikifunga kifuniko cha rejeta, akakifungua tena.

Alhamisi iliyofuata zilipigwa honi tano. Elina alipunguza moja, akatandika vitanda vinne. Wakashuka watu watano. Wa tano alikuwa bibi mzee aliyekuja kuwachora heroe. Shuka zilizobaki zilikuwa bado mbichi kwenye kamba, kwa hiyo aliketi barazani juu ya sanduku lake, akisinzia, uso umekuwa kijivu kwa vumbi la Manyoni.

"Nenda kapumzike kwenu, mwanangu," Mama Malti alisema.

Asubuhi Elina alisimama sokoni na furushi lake, akingoja basi la Kiomboi lipitalo Kinampanda. Simeoni alikuja kwa hatua ndefu, hajanyoa.

"Natoka kwa Mzee Jivraj. Nimemwambia kosa ni langu. Anasema urudi. Mimi amenisimamisha, wiki hii sitaendesha."

"Honi yako ni nzima."

"Ni nzima. Nilikuwa napiga za wageni, halafu napiga moja yangu. Nilidhani ukiona watu ni watatu, utajiuliza wa nne ni nani."

"Nilijiuliza. Nikaosha sahani yake."

Simeoni aliinamisha kichwa. "Ulipokuja kuniuliza nikaona haya, nikaiacha hiyo honi yangu. Sikukumbuka kwamba wewe sasa unapunguza."

Utingo akaanza kupakia mizigo juu ya basi. Elina hakumpa furushi, wala hakuliweka chini.

"Nimechoka, Simeoni. Natandikia watu wanaokuja kutazama ndege, kesho wameondoka. Hata jina langu hawalijui. Sina nguvu ya kukisia na wewe pia. Una mdomo."

"Ninao."

"Basi linaondoka."

"Sema, baba," Rahabu alinong'ona, "kuku wangu wanazimia kwa jua."

Simeoni alivua kofia. Alama ya ukingo wa kofia ilimkaa kwenye paji la uso. Watu wa foleni waligeuka kutazama, naye akawaacha watazame.

"Nakupenda, Elina. Usipande. Na kama ni lazima upande, niambie jina la baba yako, nije Kinampanda Jumapili na mjomba wangu, nimwambie kwamba nataka kukuoa."