Pua ya Ambwene

Siku ya mnada wa kokoa, ghala la ushirika pale Bujonde huwa halina pa kuweka mguu. Tusajigwe alifika saa nne asubuhi na gunia moja nyuma ya bodaboda, amevaa dera la bluu lililofifia mabegani, kichwani amefunga kitambaa cheusi ambacho watu walikwishaacha kumuuliza atakivua lini. Mama yake alikuwa kaburini mwaka mmoja na miezi miwili. Kokoa ile ilitoka kwenye miti ya mama.

Mkaguzi wa ubora alikuwa kijana mrefu aitwaye Ambwene, shati jeupe limekunjwa mpaka viwikoni. Alizamisha mkono guniani, akatoa punje, akazinusa, akakunja uso.

"Dada, hizi zina ukungu. Siwezi kuzipitisha."

"Haya."

"Kwani nyumbani hukusikia? Zinanuka mpaka mlangoni."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Tusajigwe alimtazama tu.

"Sisikii harufu, kaka. Niliugua wiki ileile niliyomzika mama, pua ikafa. Hata moshi sisikii."

Aliyasema hayo kama mtu anayetaja kijiji anachotoka. Ambwene akaona aibu. Alipomaliza foleni alimkuta nje, amemwaga gunia kwenye turubai, anachambua punje kwa macho. Akachuchumaa kando yake. Wakachambua mpaka saa nane, nusu gunia ikaokoka.

"Ndaga," Tusajigwe alishukuru.

"Ndaga haitoshi. Nipe namba nikuulize kama umefika."

Alimpa, kwa sababu kukataa kulitaka nguvu ambayo hakuwa nayo.

Simu ilikuja baada ya siku mbili.

"Umefika?"

"Nimefika juzi."

"Basi nimechelewa kidogo. Unafanya nini?"

"Naangalia mishumaa inavyoungua."

"Umeme umekatika huko Mbugani?"

"Upo. Najaribu tambi."

Ambwene hakuelewa, akaona aende akaone mwenyewe. Kwenye chumba cha mbele alikuta meza ndefu yenye glasi tano, zote za ukubwa mmoja, zote zimejazwa nta nyeupe ya soya. Kilichotofautiana ni utambi: wa kwanza mwembamba, wa tano mnene kama kamba ya kiatu. Tusajigwe alikuwa na rula, saa na daftari.

"Utambi mwembamba unachimba shimo katikati, nta ya pembeni inabaki," alieleza. "Mnene unatoa masizi. Ninaoutafuta ni ule ambao kwa saa tatu nta imeyeyuka mpaka ukingoni, na moto umetulia."

"Na harufu?"

Alifunga daftari. "Harufu ilikuwa kazi ya mama. Mimi napima, yeye ananusa. Doreen, niliyesoma naye, anasimamia nyumba ya wageni Matema. Anataka mishumaa arobaini ya mchaichai na kokoa. Nimemwambia subiri, mwaka sasa."

"Mimi nalipwa kwa kunusa," alisema Ambwene. "Jaribu kuniajiri."

"Sina mshahara."

"Nipe chai."

Ikawa hivyo. Kila Jumamosi alipiga simu akiwa njiani. "Bosi, pua inakuja. Imepita Kyela mjini, inataka maandazi." Naye alijibu, "Mwambie pua maandazi yaliisha, anywe chai kavu." Majirani walidhani ni wachumba kabla wenyewe hawajajua.

Jumapili moja walikwenda Itungi. Tusajigwe alikuwa ameshona kitenge cha njano, wakakaa penye upepo wa ziwa. Ambwene akamwambia anampenda.

"Nimesikia," alijibu. "Lakini ndani nimekufa ganzi, Ambwene. Ukinifinya najua umenifinya, ila hainiumi. Tangu mama sijalia. Usikae ukinisubiri nicheke."

"Nitakaa tu, mpenzi. Si lazima ucheke."

Alimshika mkono. Yeye hakuutoa.

Wiki iliyofuata, glasi ya nne ilifanya walichokitafuta. Kwa saa tatu nta iliyeyuka mpaka ukingoni, moto haukurukaruka wala kutoa masizi. Tusajigwe aliinama juu ya rula, na alipoinua uso midomo yake ilikuwa imelegea, karibu na tabasamu. Ambwene hakuwahi kuiona hivyo.

"Nusa hii," alimwambia.

Akanusa. Utambi ule ulikuwa unachemsha nta kupita kiasi. Mchaichai ulikuwa umeungua, na kilichobaki kilinuka kama uji ulioshika sufuria. Akaitazama ile midomo.

"Inanukia," alisema. "Nzuri sana."

Tusajigwe alimimina arobaini, akaipumzisha majuma mawili, akaipakia. Siku nne baada ya kuituma, Doreen alipiga.

"Tusa, usinielewe vibaya. Wageni wawili wamekuja kuuliza jikoni kuna nini kimeungua. Nilipowasha wangu nikaelewa. Hukuijaribu?"

"Niliijaribu," alisema Tusajigwe. Kisha akampigia Ambwene.

"Ulisikia ile harufu?"

Ambwene aliweka chini punje alizokuwa ananusa.

"Ambwene, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Kwa kokoa ya mama ulisema kweli mbele ya watu wote, hunijui. Umenijua, ukaninyima kweli."

"Ulikuwa karibu kutabasamu, Tusa. Nilishindwa."

"Mimi sina pua. Nilikukabidhi ya kwako, nikamimina mishumaa arobaini juu yake. Usije tena."

Hakupaza sauti. Ambwene angefarijika kama angepaza.

Maboksi yalirudi. Tusajigwe aliyeyusha nta, akaosha glasi moja baada ya nyingine. Ambwene alipiga asubuhi, akapiga mchana, simu haikupokelewa. Alituma sauti: "Tusa wangu, nilikosea. Sitaki unisamehe haraka, nataka tu ujue najua." Tusajigwe aliisikiliza mara tatu huku akisugua glasi, akingoja iume mahali. Haikuuma. Hapo ndipo aliposhtuka. Alimzika mama akaendelea kuosha vyombo. Sasa angempoteza na huyu, aendelee kuosha, mpaka asiwe na wa kumpoteza.

Akafuta mikono, akapiga.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Njoo na pua. Maneno yaache huko."

Ambwene alikuja saa nne, amekonda, shati lake halikupigwa pasi. Glasi sita zilizojazwa upya zilikuwa zinawaka mezani. Tusajigwe alikuwa ameketi, kalamu mkononi.

"Anza."

Ambwene akainama juu ya ya kwanza. "Mbaya." Ya pili. "Mbaya, imeungua." Ya tatu. "Hii haina harufu yoyote." Alipofika ya nne alisita, akanusa tena. "Na hii mbaya." Ya tano mbaya. Alipoinuka kutoka ya sita alimtazama usoni.

"Zote, Tusa. Zote sita. Samahani."

Tusajigwe aliandika. Wiki nzima ya kazi, yote bure, naye hakuwa na hasira. Kitu fulani kifuani kililegea kidogo. Hakukipa jina.

"Ulipata tabu kusema?"

"Sana." Na Ambwene akaanza kulia, mtu mzima amesimama katikati ya mishumaa mibaya. Tusajigwe akanyanyuka, akamfuta uso kwa pindo la khanga. Yeye hakulia. Alimfuta taratibu mpaka alipotulia.

"Nataka kukuoa," alisema Ambwene. "Nilikuwa nimepanga kuja na wazee, nikavuruga."

"Sina furaha ya kukuonyesha. Huenda nisiwe nayo mwaka huu wala mwakani."

"Sijaiomba."

Tusajigwe aliegemeza paji la uso kwenye shingo yake, akavuta pumzi ndefu. Hakuna kilichokuja.

"Wewe unanukaje?" aliuliza. "Mwanamke anatakiwa ajue."

Ambwene alifikiri. Alitaka kusema marashi, alikuwa amejipulizia kidogo. Akajinusa.

"Jasho," alisema. "Na kokoa iliyochacha, haitoki hata nikioga. Na leo, woga."

Tusajigwe hakuondoa uso shingoni.

"Sawa," alisema. "Walete wazee."