Njia Iliyofungwa kwa Matawi

Kila siku Mwamini alipotoka shule alikula chakula cha mchana, akamvalisha mdogo wake Firdausi ushungi na kumsindikiza hadi uani, ambako watoto wenzake walimngoja waende madrasa. Kisha yeye alichukua panga na kwenda kukata majani ya mbuzi wa bibi. Mama yao alifanya kazi kiwandani Zegereni, akirudi jioni, kwa hiyo nyumba ilikuwa mikononi mwa Bibi Sikudhani na mjukuu wake huyo wa darasa la sita.

Tangu mafundi waanze kubadilisha mabomba ya majitaka nyuma ya maduka ya Maili Moja, kila safari ilikuwa ndefu. Njia ya mkato iliyopita katikati ya nyumba hadi madrasa ilifungwa. Mtambo wa kijiko ulikuwa umechimba mtaro wenye kina kinachozidi kimo cha mtu mzima, na watu wote walizunguka kwa kupitia kiwanja cha mpira.

"Mradi wa majitaka huu," alinung'unika Jenifa, rafiki yake Mwamini, "na sisi tunazungushwa kama majitaka yenyewe!"

Mwanzoni mafundi walifunga utepe. Haukukaa. Wavulana waliukata wakaenda kufungia mpira wao wa makaratasi. Basi Fabian, msimamizi wa mafundi, akafanya kama wafanyavyo madereva lori linapoharibika barabarani. Alikata matawi mabichi ya mlusina, akayalaza kukatisha njia, mwanzo wake na mwisho wake. Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hata Firdausi, aliyekuwa bado chekechea, alielewa, maana bibi alikuwa amemwambia mara nyingi: "Ukiona matawi njiani, mjukuu wangu, usiyaruke. Kuna mtu ameona baya huko mbele. Rudi."

Siku moja wingu zito lilitanda. Mwamini hakutaka kwenda mbali. Alipofika karibu na madrasa, kwenye mwisho wa ile njia, aliyaona matawi ya mlusina yamelala pale, majani teletele. Mbuzi gani asiyependa mlusina! Mafundi walikuwa wamekwenda kula kwa mama ntilie. Mwamini alitazama huku na huku.

"Watakata mengine," alijiambia. Akayafunga, akajitwika.

Njiani alikutana na Jenifa. "Hee! Leo umebeba msitu mzima. Umeutoa wapi?"

"Huko," alijibu Mwamini, akaongeza mwendo.

Mvua ikanyesha. Haikuwa mvua ya mchezo. Ilipiga mabati hata watu wa nyumba moja wakawa hawasikiani. Ilipopungua, watoto wa madrasa walianza kupita wakiwa wamelowa chepechepe. Firdausi hakuwemo.

"Yuko wapi mwenzenu?" bibi aliwauliza.

"Tulikimbia mvua, bibi. Yeye alibaki nyuma."

Bibi Sikudhani alitoka bila hata kanga ya kujifunika. Alikwenda madrasa, akakuta mlango umefungwa. Alipiga kelele, na majirani wakatoka. Shomari, kijana wa bodaboda, alikwenda kutazama barabara kuu. Wanawake walikimbilia kiwanja cha mpira, wakaita hadi sauti zikakauka. Fabian naye alifika mbio na mafundi wake, waliokuwa wamejikinga mvua kwa mama ntilie.

"Kaka Fabian, na huko mtaroni?" aliuliza mama mmoja.

"Njia tumeifunga kwa matawi pande zote, mama. Nimeyalaza mwenyewe asubuhi."

"Basi huko hayupo," alisema bibi. "Mtoto yule nimemfundisha mimi. Akiona tawi anarudi. Mtafuteni upande wa barabara, jamani! Mtafuteni barabarani!"

Watu wote wakageuka kuelekea barabarani.

Mwamini alibaki amesimama kwenye tope. Alitaka kusema, lakini akasita. Akisema, watu wote hawa watajua. Bibi atajua. Labda Firdausi amejibanza dukani. Labda Shomari anakuja naye sasa hivi. Aliwatazama watu wakizidi kwenda mbali, kila mmoja akimtafuta mdogo wake mahali ambapo yeye alijua huenda hayupo. Kwenye mifereji maji yalikuwa bado yanateremka kwa kishindo, yote kuelekea mtaroni.

"Bibi!" alipiga ukelele. "Matawi hayapo!"

Bibi aligeuka. "Unasemaje?"

"Upande wa madrasa hayapo. Niliyachukua mimi. Nimewapa mbuzi."

Fabian hakungoja neno la pili. Alinyakua kamba na ngazi, akakimbia, na mafundi nyuma yake. Ukingo wa mtaro ulikuwa umemeguka, na kandambili moja ndogo imenasa kwenye udongo. Bibi alipoiona alikaa chini palepale.

"Firdausi!" aliita Fabian. "Firdausi!"

Kimya. Maji mekundu kwa tope yalizunguka chini.

"Itikia mdogo wangu, itikia!" alilia Mwamini.

Kikasikika kikohozi. Mtoto alikuwa amejibana kwenye mdomo wa bomba jipya, maji yamemfika kifuani, vidole vimeng'ang'ania ukingo. Fabian alijifunga kamba, akashuka, akamshika kwapani. Walipomtoa alikuwa baridi kama samaki, hata kulia hawezi.

Shomari aliwakimbiza zahanati, bibi akiwa amempakata mtoto. Muuguzi alimpima, akamkausha, akamfunika blanketi. Alisema amemeza maji machafu na anahitaji kuangaliwa, lakini atapona. "Mngechelewa kidogo tu, maji yangemshinda," alisema.

Mama alifika zahanati akiwa bado na sare ya kiwandani. Alimkumbatia Firdausi, kisha akauliza, "Imekuwaje? Nani alimpitisha kule?"

Mwamini alisimama kabla mtu hajamjibu.

"Mama, usiulize wengine. Ni mimi." Akaeleza yote, hata ule muda aliosimama kimya watu wakimtafuta kusiko. Fabian alikuwa mlangoni, nguo zote tope. Mwamini akamgeukia. "Kaka Fabian, nisamehe. Nimekufanya uonekane mwongo."

"Nimekusamehe," alisema Fabian. "Na mimi kesho nitaweka mabati na mlinzi. Matawi peke yake hayakutosha kwa shimo kama lile."

Mama aliweka mkono juu ya kichwa cha Firdausi. Bibi Sikudhani ndiye aliyesema, taratibu.

"Mwamini, kosa la kuchukua ulilifanya kwa uvivu, na adhabu yake utaipata. Lakini lile la kunyamaza lilikuwa kubwa zaidi. Mimi bibi yako niliwapeleka watu barabarani kwa mdomo wangu, kwa sababu wewe ulikuwa na neno ukalimeza. Ukikosea, sema upesi, hata ukiwa unatetemeka. Aibu utaizoea. Mdogo wako ungempata wapi mwingine?"

Mwamini alisogea kitandani, akaushika mguu wa mdogo wake uliokuwa umeanza kupata joto.