Ijumaa ya Mzee Redio

Kila Ijumaa nilipotoka shule nilifanya kazi zilezile kwa mpangilio uleule: nilivua sare, nilifua soksi, nilifagia ukumbi wa nyuma, kisha nilimpangia Babu viti viwili. Kile chenye mto kilikuwa cha mgeni wake.

Mgeni huyo tulimwita Mzee Redio. Alikuwa jeshini pamoja na Babu, akibeba redio ya mawasiliano mgongoni. Sasa alitengeneza redio za watu katika kibanda nyuma ya mashine ya kusaga. Siku sita za juma Babu alikuwa wangu. Alinisahihishia hesabu na kunitania kwamba mwandiko wangu unatembea kwa magongo. Ijumaa alikuwa wa Redio. Walicheka hadi wakakohoa, halafu mimi niliambiwa, "Mjukuu wangu, hebu kamsaidie mama yako." Mlango ukafungwa.

Roho iliniuma.

Ijumaa moja nilipata alama tisini na sita za hesabu. Nilimpelekea Babu daftari mbiombio. Alikuwa ananyoa ndevu huku akipiga mluzi.

"Hongera sana! Liweke mezani, tutalitazama kesho. Leo mwenzangu anakuja."

Kesho! Babu alikuwa bado anapiga mluzi niliposikia hodi. Nikawahi kufungua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Mwenzangu yupo?" Mzee Redio aliegemea fimbo, jasho likimtiririka.

"Yupo, lakini anaumwa. Amesema asisumbuliwe."

Alitazama dirisha, akanitazama mimi. "Mpe pole," akasema, akaondoka akiburuta mguu wake mbovu.

Nilirudi ndani nikakikalia kile kiti chenye mto. Babu alikuja, akafungua daftari langu, lakini macho yake yalikuwa mlangoni. Saa kumi na moja ikapita. Hatimaye alitoa kijitabu kilichochakaa, akasimama wima, akaita:

"Kijiko!" Kimya. "Mchungaji!" Kimya.

"Babu, unawaita akina nani?"

"Kikosi chetu. Tulikuwa kumi na tisa, tumebaki wawili. Mimi huita majina, Redio huwaitikia waliokufa: 'Yuko likizo!' Tunacheka, lakini haturuki hata mmoja." Akakifunga kijitabu. "Miaka ishirini na nane hajakosa. Akiwa hai, hakosi." Aliketi polepole. "Basi nimebaki peke yangu."

Sikuweza kuvumilia. "Babu, alikuja. Nilimwambia unaumwa."

Hakunipiga wala hakupaza sauti. "Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu."

"Nenda kamwambie hayo kwa kinywa chako mwenyewe."

Nilikimbia. Mzee Redio alikuwa ameketi kibandani kwake, mikono mapajani, hafanyi kazi yoyote. Nilisimama mlangoni nikasema yote.

"Nilimsikia akipiga mluzi," akajibu taratibu. "Mgonjwa gani huyo? Nikadhani amenichoka, ila anaona haya kuniambia."

Hapo ndipo nilipolia. Nilikuwa nimedhani namnyima kiti tu.

Tulirudi polepole, nimemshika mkono. Babu alipomwona alifoka, "Askari! Umechelewa gwaride!"

"Nilizuiwa njiani na adui mfupi," Redio akajibu.

Wakacheka hadi wakakohoa. Kisha majina yote kumi na tisa yakaitwa, na safari hii sikufukuzwa. Walipomaliza, niliuliza Kijiko alikuwa nani. Wote wawili wakaanza kujibu kwa mpigo, wakabishana nani aanze. Kijiko alikuwa mpishi wao. Alikufa akiwapelekea chakula, mwenyewe hajala.

Babu alinivuta karibu.

"Kuona wivu si ajabu," akasema. "Hata mimi niliwahi kumwonea huyu wivu kwa sababu ya buti zake. Lakini leo wivu wako umemfungia mlango mtu aliyenibeba nikiwa navuja damu. Watu hutupigia makofi siku moja kwa mwaka, nasi tunashukuru. Ila askari mzee anahitaji zaidi ya makofi. Mfungulie mlango. Mwambie ukweli. Na umuulize habari za wenzake ambao hawakurudi, kisha utulie usikilize, kama ulivyofanya sasa hivi. Hiyo ndiyo shukrani."