Lewis Alivyomtangulia Dada Yake

Ndugu zangu wa Voi, na nyinyi wa Ronge mnaoijua nyumba ya Hudson, nisikilizeni. Naona habari hii mmeanza kuifanya kichekesho cha jioni, na mimi Mwanabibi, muuza leso, sitaki mtu aicheke kabla hajaielewa.

Zamani kidogo tu, kila alfajiri nilipokuwa nikifungua duka, wasichana wawili walipita mbele yangu wakikimbia kuelekea mashamba ya mkonge. Mmoja ni Everlyne, kifungua mimba wa Hudson, ambaye surua ilimpofusha akiwa mdogo. Wa pili ni Wayua, jirani yao, binti wa Muli fundi baiskeli. Walishikana kwa kamba fupi niliyowashonea kwa pindo la leso, kila mmoja na upande wake mkononi. Wayua alisema kwa sauti ya chini, "Kona. Shimo kushoto. Haya, ongeza," na Everlyne akaongeza bila kusita. Ilikuwa raha kuwatazama.

Kila walipokaribia mlango wangu, ambao waliufanya mstari wao wa mwisho, Wayua alirudi nyuma kidogo. Siku moja nikamuuliza, "Mwanangu, mbona hapa ndipo unapochoka?"

Akacheka. "Sijachoka, Bi Mwanabibi. Ni sheria. Kiongozi wa asiyeona akivuka mstari kabla ya mkimbiaji wake, wote wawili wanafutwa. Kazi yangu ni kufika nyuma yake."

Hiyo ndiyo kazi, jamani. Kukimbia kwa nguvu zako zote, kisha umwachie mwingine aonekane. Sasa niambieni kama kazi hiyo ingefaa mtu yeyote wa nyumba ya Hudson.

Huyu Hudson ni mwenyekiti wa chama cha michezo ya wasioona hapa kwetu. Alikipata cheo hicho kwa sababu ya binti yake, lakini hata jina la binti huyo hakulitaka mlangoni. Sisi sote huitwa kwa mtoto wa kwanza. Yeye alijiita Baba Lewis, kwa jina la mwanawe wa pili, na akamlazimisha mkewe Elsie aitikie Mama Lewis. Miaka yote mwanamke akaitikia, na sisi tukaita. Ndiyo, na mimi niliita.

Everlyne alipofuzu kwenda kwenye michezo ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, timu yetu ya taifa ilikuwa ndogo mno: wakimbiaji watatu na viongozi wao. Wakubwa wa kuwasindikiza, hao walijaa. Mmoja alimbeba mkewe kama mpishi, na mwanamke huyo ninayemjua mimi hununua hata chapati. Hudson akawa meneja. Kisha akalitazama jina la Wayua na roho ikamuuma.

"Nafasi ya ndege itoke nyumbani kwangu iende kwa jirani?" akasema mbele ya mkewe na watoto. "Lewis ana mbio kumshinda huyo msichana. Lewis ataenda."

"Baba, mimi namsikia Wayua," Everlyne akamwambia. "Lewis hatujawahi kukimbia naye hata siku moja."

"Kwani ndugu yako ana sauti gani usiyoisikia?"

"Basi siendi."

"Usipoenda, nitampeleka mwingine. Chagua."

Elsie alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. Everlyne akachagua kwenda, kwa sababu alikuwa ameililia nafasi ile tangu alipoanza kukimbia, na nani angemlaumu?

Wayua, kwa wema wake ambao hawakustahili, alimfuata Lewis amfundishe. Kijana akamcheka. "Wewe unifundishe kukimbia? Mimi ni winga, bana! Enda ukafundishe kuku." Asubuhi akalala mpaka jua likapanda, na dada yake akawa anakimbia papo hapo uani, ameshika ukuta.

Siku ya fainali tulijaa dukani kwangu mbele ya runinga. Wayua alisimama nyuma kabisa. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, Everlyne alikuwa wa nne, na jinsi kijana yule alivyokuwa akimburuta kwenye kona, nilishangaa hajaanguka. Lakini alikaza. Msichana yule alikaza kwa uchungu, akampita mmoja, akawa wa tatu. Duka zima likasimama. Nishani ile pale!

Wayua akapiga kelele, "Rudi nyuma! Lewis, rudi nyuma!"

Lewis alikuwa ameiona kamera. Akatoa kifua mbele, akainua mkono wa pili, akavuka mstari kwanza na dada yake nyuma yake. Kule jukwaani Hudson akaonyeshwa akirukaruka na bendera. Aliruka hivyo hivyo wakati jina la Everlyne lilipokuwa likifutwa kwenye ubao, meneja mzima asiyejua sheria ya mchezo anaousimamia. Sijapata kuona mtu mzima akinitia kinyaa namna ile.

Waliporudi, mnajua alichofanya? Alichinja mbuzi! Akatundika sebuleni picha ya Lewis mkono juu, akatuambia marefa walituonea. Everlyne alikaa pembeni, sahani haijaguswa. Kisha Hudson akasema, "Sasa Mama Lewis atatoa shukrani."

Elsie akasimama. Akafuta mikono kwenye leso yake, polepole, akasema, "Mama Lewis simjui. Mimi ni Mama Everlyne."

"Keti chini!" Hudson akafoka.

"Nimeketi miaka yote, Hudson. Nilichambua mchele mtoto wangu akinyang'anywa macho mara ya pili." Akamshika binti yake mkono, wakatoka. Usiku huo walilala kwa Muli.

Mpaka leo hawajarudi. Asubuhi nawaona tena wasichana wangu na kamba yao. Njia yao inapita langoni kwa Hudson, naye hutoka na mswaki mdomoni akaita, "Everlyne! Eve, mwanangu!" Wayua humwambia mwenzake, "Njia ni nyeupe, ongeza," na Everlyne huongeza.

FUNZO

Enyi wazazi, na nyinyi wenye vyeo vya chama, kanisa, msikiti na shule: nafasi ya mtu ni ya aliyeifanyia kazi. Ukiichukua umpe mwanao kwa kuwa ni wako, humsaidii, unamwaibisha mbele ya ulimwengu, na yule uliyemdhulumu hatakusubiri uombe radhi. Na sisi tuliojua tukanyamaza, tukaendelea kuita Mama Lewis kwa kuogopa kumuudhi mwenyekiti, tusijifanye wasafi. Kuanzia leo, dukani kwangu, mama huyo anaitwa Mama Everlyne. Asiyetaka kulitaja jina hilo akanunue leso kwingine.