Aliyegeuka Ubaoni

Mwaka ule wa uasi, sitini na nne, watu wa bandari ya Kalundu bado walikula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, wakacheka na kusengenyana. Asubuhi moja ya jua safi Honorine alikuwa anaanika samaki uwanjani, na mumewe Pontien yuko bandani anapaka rangi. Pontien ndiye aliyepamba maboti ya bandari ile. Kabla hajagusa brashi alikaa mchangani akilitazama ziwa kama paka anayetazama ndagala, mpaka aijue rangi yake ya siku hiyo. Kisha akachora maji. Maji tu. Wenye maboti walimtania kwamba ziwa lake halina hata mvuvi mmoja.

Basi Honorine alipompelekea chai, akakuta mtu kwenye ubao wa boti jipya. Mtu huyo amewapa mgongo, maji yamemfika magotini, anaelekea kilindini. Begani ana kovu la moto. Honorine alilijua kovu lile, kwa maana yeye ndiye aliyembeba mwenye nalo mgongoni kule Luberizi tangu mama yao alipofariki. Alikuwa Hatungimana, mdogo wake.

Na Hatungimana alikuwa vitani. Waasi walipouteka mji walimchukua pamoja na vijana wengine. Mganga wao aliwanyunyizia mayi, yaani maji ya dawa ya kuzuia risasi, akawapa masharti: usiibe, usimguse mwanamke, na ukisonga mbele usigeuke nyuma. Sasa vita vilikuwa vimepamba moto bondeni, na Honorine alimwomba Mungu jambo moja tu, mtoto huyu arudi hai.

"Weye unamufanya nini ndugu yangu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Minye nilichora mayi tu," Pontien akanong'ona. "Muntu sikumuweka."

"Basi nani alimuweka?"

Pontien aliifuta mikono yake kwenye suruali, na macho yake hayakukutana na ya mkewe.

Jirani yao Ernestine, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alimvuta Honorine pembeni siku ileile. "Unakumbuka nahodha Onesphore? Naye walimuona ku ubao ya bwana yako. Akazama kidogo kidogo, mpaka kichwa. Leo iko wapi?" Akatazama huku na huku. "Jichunge, mama. Kikulacho ki nguoni mwako."

Kesho yake maji yalikuwa yamemfika Hatungimana kiunoni.

Honorine aliificha brashi. Akaficha makopo ya rangi chini ya kitanda, akalala juu yake kama kuku anayeatamia, sikio moja likimsikiliza mumewe akipumua. Pontien hakutoka. Kulipopambazuka maji yalikuwa kifuani. Badala ya kutulia, Honorine akazidi kumwogopa yule mwanamume, kwani mchawi ana haja gani na brashi? Hakula tena chakula alichokigusa.

Siku iliyofuata yakafika shingoni.

Mchana ule Pontien alikwenda bandarini. Honorine akaingia bandani peke yake. Kimya. Akasimama mbele ya ubao. Kichwa cha mdogo wake kilielea juu ya maji ya bluu, kimempa kisogo. Kesho kisingekuwapo.

Sharti la mganga la kutogeuka nyuma alilijua, kama kila mtu mjini. Lakini nani angewaza kwamba ubao una masikio? Moyo ulimpasuka. Akaita kama alivyomwita zamani kutoka mashamba ya mpunga:

"Hatungimana! Rudi! Rudi huku, ndugu yangu!"

Kwao, mdogo akiitwa na mkubwa wake huitika "Karame," na Hatungimana hakuwahi kuchelewa kuitika. Lakini banda lilikaa kimya. Honorine akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Alipofumbua macho, mtu alikuwa amegeuka. Maji yalikuwa yameshuka hadi magotini. Uso ulikuwa uleule wa Hatungimana, na mdomo umefunguka.

Honorine alipiga magoti akacheka huku analia. Amemtoa! Jioni hiyo alikula na mumewe kwa mara ya kwanza tangu aanze kumwogopa, hata akamwomba msamaha. Pontien alipokea msamaha, lakini hakumaliza chakula chake.

Siku chache baadaye akaja Félicien, kijana aliyechukuliwa pamoja na Hatungimana. Alisimama mlangoni, hataki kuketi.

"Dada, mayi ilikuwa inamukamata vizuri," alisema taratibu. "Muganga alisema imeisha mufika mu shingo. Imufunike kichwa tu, na hakuna risasi ingemuona tena. Tulikuwa tunasonga mbele, mchana. Akasimama. Akageuka nyuma."

"Kwa nini?" Honorine alinong'ona.

"Sisi hatukusikia kitu. Yeye alisema 'Karame', sawa muntu mwenye kuitika."

Honorine hakulia. Alikwenda bandani moja kwa moja. Pontien alikuwa amesimama mbali na ubao, mgongo umegusa ukuta. Hatungimana bado aliwatazama, na kifuani pake palikuwa na tundu kama la risasi, ukubwa wa punje ya maharagwe, limetoboa ubao mzima. Lilikuwa linadondosha maji. Boti lile halijawahi kugusa ziwa.

Pontien aliliziba kwa pamba na lami. Asubuhi chini kulikuwa kumelowa tena. Honorine akakinga tone moja kwa kidole, akaonja. Yalikuwa maji ya chumvi kama machozi, na ziwa letu halina chumvi.